Uchumba, Nia na Shahidi: Historia Fupi ya Maneno ya Mapenzi Mpakani Tunduma

Vijana wa Tunduma na Vwawa wana sentensi wanayoitumia sana siku hizi: "Sitaki kupotezewa muda." Msichana wa dukani humwambia hivyo kijana anayemwomba namba ya simu. Kijana wa kiume anayefanya kazi kwa wakala wa forodha naye huisema, akimaanisha kwamba hataki uhusiano usiojulikana mwanzo wala mwisho wake. Nyuma ya sentensi hiyo lipo swali moja: nia yako ni nini? Asiyeweza kulijibu huambiwa apishe njia.

Wazee wenzangu wamegawanyika juu ya jambo hili. Wapo wanaosema kwamba ni mtindo uliookotwa kwenye simu, na kwamba mapenzi ya kuhojiana kama usaili wa kazi hayana ladha. Wapo wanaofurahi na kusema kwamba vijana wamerejea kwenye mila. Naona kila upande umesoma nusu ya ukurasa. Hoja ya makala haya ni kwamba vijana hao wanalifufua neno la zamani, uchumba, lakini wamebadilisha anayeulizwa swali. Pia nataka kuonyesha kwamba neno hilo halikuwa na nguvu peke yake. Nguvu yake ilitoka kwa shahidi. Bila shahidi, hata "nia ya dhati" hugeuka kuwa chambo.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina kitenzi oa na kauli yake ya kutendwa, olewa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa; mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Nimelifundisha somo la kauli za vitenzi kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka alitokea mwanafunzi wa kike aliyeuliza kwa nini asiseme "nitamwoa". Lakini neno mchumba halina mgawanyiko huo. Mwanamume ni mchumba wa mwanamke, na mwanamke ni mchumba wa mwanamume, kwa umbo lilelile. Kabla sarufi haijawatenga kuwa muoaji na muolewaji, kuna kipindi ambacho lugha inawapa wote wawili jina moja.

Kipindi hicho hakikuwa cha siri. Kimezungukwa na msamiati wa watu wengine: kuna posa, kuna barua ya posa, kuna kishika uchumba, kuna mahari, na katikati yao yupo mshenga. Mshenga hupeleka maneno na kuyarudisha. Akirudi na jibu, watu wa pande mbili wamekwisha kujua. Ndiyo maana "mchumba" halikuwa sawa na "mpenzi". Mpenzi anaweza kujulikana na mmoja tu, yule anayempenda. Mchumba hujulikana na ukoo.

Taasisi hii si ya pwani peke yake. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, Wandali wa Ileje na wengineo, na wote walikuwa na njia zao za kutuma mtu wa kati kabla ya Kiswahili kuwa lugha ya kila nyumba. Wanyamwanga waligawanywa na mpaka uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, hivi kwamba leo shangazi anaweza kuwa Tunduma na mpwa wake akawa Nakonde, Zambia. Mbele zaidi, kwa Wabemba, mtu wa kati huitwa shibukombe. Majina yanatofautiana, kazi ni moja: kuhakikisha kwamba maneno ya mapenzi yamesikiwa na sikio la tatu.

Nimewahi kutumwa kuwa mshenga katika Wilaya ya Mbozi. Nilibeba barua na kishika uchumba ndani ya bahasha, nikidhani kwamba mzee mwenye nyumba ataanza kwa kuuliza habari za mahari. Hakuuliza. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Kijana huyu akipotea, tumtafute wapi?" La pili: "Akija kumtesa mtoto wetu, wewe mwalimu tutakukuta?" Hapo nilielewa mshenga ni nani. Ni mtu anayeweka jina lake rehani kwa ajili ya nia ya mwingine.

Swali la "tumtafute wapi" lina historia yake katika nchi hii ya kusini. Katika miaka ya 1920 na 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, yalivuta vijana kwa maelfu. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na wengine wakafika hadi Afrika Kusini. Kijana alikwenda kutafuta fedha, na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ya mahari, ambayo awali ililipwa zaidi kwa mifugo, majembe au kazi ya mikono. Uchumba ukawa jambo la kungojana. Aliyeondoka aliacha neno, na neno hilo lilitunzwa na walioachwa: wazazi, mshenga, majirani. Binti aliyekuwa akingoja hakungoja peke yake. Kijiji kizima kilijua anangoja nani.

Sitaki kuipamba picha hiyo kupita kiasi. Kungoja kwa namna hiyo kulikuwa pia kifungo. Aliyeulizwa nia alikuwa kijana, na aliyejibu posa alikuwa baba. Ukimya wa binti ulihesabiwa kuwa ridhaa, na wapo mabinti waliojua siku ya kuondoka kwao pale tu walipoona ng'ombe wanaingia zizini. Mashahidi walikuwa wengi, lakini ushahidi wao mara nyingine ulikuwa juu ya makubaliano ambayo mhusika mkuu hakuyafanya.

Kisha ikaja barabara. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, isiyo na bahari, ikalazimika kutafuta njia ya kupitishia mafuta na shaba upande wa kaskazini. Malori yakaanza kumiminika Tunduma kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wa Kiingereza waliipa jina la njia ya jehanamu. Barabara ikajengwa upya kwa lami. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ikavuka mpaka hapahapa. Kijiji cha mpakani kikageuka mji wa watu wanaopita.

Mji wa njiani una tabia yake. Dereva anayesubiri karatasi za forodha kwa siku kadhaa hana mjomba hapo. Msichana aliyekuja kuuza chakula kutoka wilaya nyingine hana shangazi hapo. Wakipendana, hakuna wa kutumwa na hakuna wa kupokea barua. Hawa hawakuwa watu wabaya kuliko babu zao. Walikuwa watu wasio na mashahidi. Mapenzi yao yalianza na kwisha pasipo mtu wa tatu kuulizwa lolote, na gharama ilibaki kwa aliyebaki, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke mwenye mimba.

Gharama hiyo ilikuja kuhesabiwa kwa namna nyingine. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2003/04 ulikuta maambukizi ya asilimia 7 kwa watu wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha Tunduma, yalikuwa asilimia 13.5. Sisi tuliokuwa walimu miaka hiyo hatuhitaji kukumbushwa tarakimu. Tuliona majina yakipungua kwenye daftari la mahudhurio, na tuliwaona watoto wa darasa la kwanza wakiletwa shuleni na bibi.

Wapenzi wa lugha watanivumilia nikisema kwamba barabara hiyo ilizaa pia msamiati. Angalia neno mchepuko. Kuchepuka ni kutoka kwenye njia na kushika kando. Wahandisi wana barabara ya mchepuo, inayomwezesha dereva kuukwepa mji. Shuleni tulikuwa na mchepuo wa sayansi na mchepuo wa sanaa. Mitaani, mchepuko akawa mpenzi wa nje ya ndoa, na katika miaka ya 2010 kaulimbiu ya kuwahimiza watu wabaki njia kuu ikasikika redioni hadi vijiweni. Kwa mkazi wa Tunduma mzaha huo haukuhitaji maelezo, kwa kuwa njia kuu ilikuwa mbele ya mlango wake na malori juu yake.

Mengine yalifuata mkondo huohuo. Nyumba ndogo ikawa jina la mwanamke, si la jengo. Fataki, kitu cha kulipuka, likawa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, baada ya kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000. Buzi likawa jina la mwanamume anayechunwa fedha. Yote ni maneno yenye akili, nami huyastahi kama ninavyostahi tamathali nyingine yoyote iliyotungwa na umma. Lakini yapange pamoja uone: yametoka barabarani, kwenye majengo, sokoni na machinjioni. Hakuna hata moja lenye mshenga ndani yake. Na karibu yote ni ya kuchekea. Tulipokosa njia ya kuusimamia uhusiano, tulipata njia ya kuucheka.

Neno lililonigusa zaidi ni sogea tukae. Hili ni jina la ndoa ya watu wanaoishi pamoja bila posa, bila mahari, bila shehe wala padri. Lina upole unaodanganya: mtu anasogea kwenye mkeka, mwenzake anampisha, wanakaa. Hakuna aliyeuliza swali. Miaka mitano baadaye kuna watoto wawili, kiwanja na ugomvi, na swali lililokwepwa mwanzoni linakuja kuulizwa na hakimu.

Hapa sheria ina jambo la kutufundisha, hata sisi tusio wanasheria. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao ya pamoja. Msomaji wa lugha asilipite neno "unaokusudiwa". Sheria haikuanza na sherehe wala mali. Ilianza na hiari na kusudi. Kifungu cha 41 kinasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikufuatwa. Kifungu cha 69 kinamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia. Maana yake ni kwamba ahadi ya uchumba si upepo mbele ya sheria.

Na sogea tukae je? Wengi hunukuu miaka miwili, wakidhani kwamba kalenda peke yake hufunga ndoa. Kifungu cha 160 kinataka zaidi ya hapo. Kinataka pia wawili hao wawe wamejipatia sifa ya kujulikana kuwa mume na mke. Nani hutoa sifa hiyo? Majirani, ndugu, mwenye nyumba, mjumbe wa mtaa. Sheria, ikikuta watu ambao hawakumtuma mshenga, inazunguka mtaani kumtafuta mshenga wao. Hata hivyo kinachopatikana ni dhana tu, ambayo upande mwingine unaweza kuipinga kwa ushahidi.

Mwaka huohuo wa 1971 ilitoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyozua ubishi mkubwa shuleni na makanisani. Rosa ni binti aliyelelewa kwa ukali wa baba asiyetaka hata kusikia jina la mvulana. Alipokuwa mbali na macho ya baba, hakuwa na kipimo cha kupimia maneno ya wanaume. Waliomshutumu mwandishi walidhani ameandika juu ya uasherati. Mimi nimeisoma mara nyingi kama riwaya ya ukimya: binti aliyenyimwa msamiati wa uchumba akaachiwa msamiati wa hofu. Sheria na riwaya vilitoka mwaka mmoja, na ukivisoma pamoja unaona taifa changa likijiuliza nani aulizwe nia.

Jibu lilichelewa. Sheria hiyohiyo, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, wakati umri wa mvulana ulikuwa 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo. Mwezi huohuo, kwa sadfa, kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa rasmi ili malori yasikae tena siku nyingi mpakani. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana mbele ya sheria. Nasema kwamba kwa msichana wa Tunduma, kifungo cha kijijini na mtego wa barabarani vyote viliguswa ndani ya mwezi mmoja.

Sasa turudi kwa wale wasiotaka kupotezewa muda. Tofauti yao na babu zao ni kwamba swali la nia linatoka kinywani mwa binti mwenyewe, na linaelekezwa pia kwake. Tofauti yao na kizazi cha barabara ni kwamba wanauliza mwanzoni, si baada ya watoto wawili. Nimewaona wakipima afya pamoja kabla ya jambo lingine lolote. Nimewaona wakitambulishana nyumbani mapema, wakihudhuria mafundisho ya uchumba kanisani, au wakimwomba mzee wa msikitini awasikilize. Huo ni uchumba, wapende kuuita hivyo au wasipende, na ndani yake "mchumba" limerudi kuwa neno la watu wawili walio sawa.

Lakini yapo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza ni gharama. Kati ya posa na ndoa tumejenga mlima wa sendofu, kichen pati, kamati, kadi za michango na ukumbi. Kijana mwenye nia njema na mshahara mdogo huutazama mlima huo, kisha humwambia mwenzake: sogea tukae. Mzazi anayelaani sogea tukae huku akitaja mahari isiyolipika ndiye anayeitandika mikeka hiyo.

La pili ni kwamba lugha ya nia imekwisha kuigwa na wasio na nia. Siku hizi mrubuni hasemi tena "twende tukale raha". Anasema "nina nia ya dhati", "nataka mama wa watoto wangu". Amelisikia swali, amejifunza jibu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba neno halitoshi. Maswali mawili ya yule mzee wa Mbozi bado ndiyo kipimo: tumtafute wapi, na nani amewekwa rehani? Mwenye nia hatakataa mtu wa tatu ajue. Anayesema kila usiku kwamba anakupenda, lakini hataki hata dada yake alijue jina lako, amekwisha kujibu.

Kwa hiyo nawaomba malenga jambo moja. Tumetunga vya kutosha juu ya aliyechepuka na aliyeachwa, na vicheko vyetu vimejaa mitaani. Uchumba, kile kipindi cha watu wawili wenye jina moja wanaoulizana na kujibiana mbele ya watu, umebaki kuwa mstari mmoja tu kabla ya harusi. Tuupe beti zake. Mimi naanza na huu, wenye uwezo zaidi na wauendeleze:

Penzi lisilo shahidi, ni mgeni wa njiani,
Hulala pasi ahadi, kukicha li safarini,
Mwenye nia hana budi, kubisha hodi nyumbani,
Nia ipewe miadi, isikae midomoni.